Mbio za Kidatu hadi Ifakara, Kama Nilivyoziona Kabla Hazijaanza

Jumapili, 7 Septemba 1997

Misa ya pili. Mahubiri marefu. Baada ya misa mzee Wiliam, baba yake Careen, akaniita pembeni pale zinapoegeshwa baiskeli. Shikamoo yangu akaipokea vizuri tu. Kisha akasema hana neno na mimi, ila binti yake hamtoi kwa mtu ambaye kazi yake haieleweki. Nikamweleza kwa mara nyingine kwamba mimi ni mwandishi wa mbio za magari, Kanda ya Kilombero. Akauliza magari gani. Nikasema ya mashindano. Akauliza nimeyaona lini. Nikamjibu kuona si lazima. Nasikiliza redio, nasoma, natafakari. Gazeti la Tarumbeta limekwisha kunichapa mara tatu, ukurasa wa Usukani. Mara moja waliweka na jina.

Mzee akasema yeye ni mkulima, na jembe lake kila mtu analiona. Nikileta kitambulisho cha uandishi, chenye picha na muhuri, siku hiyohiyo ataipokea barua ya uchumba. Bila kitambulisho, nibaki karani wa mashine ya kukoboa mpunga na nimwache binti wa watu.

Careen alikuwa amesimama na wanakwaya wenzake. Akanitazama. Nampenda huyu mtoto jamani, mpaka chakula hakipiti.

Jumatatu, 8 Septemba

Mungu hamtupi mja wake! Nimeitwa posta, simu kutoka Dar. Nimekimbia na pumba kichwani. Alikuwa mhariri wa Tarumbeta mwenyewe. Kasema Jumamosi kuna mbio za magari kutoka Kidatu hadi Ifakara, zimeandaliwa na klabu moja ya Morogoro, zitaishia uwanja wa mpira. Anataka ripoti itoke gazeti la Jumatatu. Mwenye ripoti nzuri ndiye atakuwa mwakilishi wao wa bonde zima, na kitambulisho atapewa.

Nikauliza, mwenye ripoti nzuri kati ya nani na nani? Akasema kati yangu na Mwalimu Evod.

Evod! Mtu anayeandika "kadhalika" mara nne katika aya moja. Ana pikipiki, basi anajiona. Hajui tofauti ya gia na klachi. Mimi naijua, nimeisoma.

Kuna tatizo dogo. Gazeti linachapwa Jumapili, kwa hiyo bahasha ifike Dar Jumamosi jioni. Basi la Dar linaondoka Ifakara alfajiri. Magari yanaondoka Kidatu saa nne asubuhi. Posta Jumamosi inafungwa mchana, na foleni ya simu mnaijua. Nimelifikiria jambo hili mpaka wali umeungua. Basi halitasubiri mbio. Basi ripoti itangulie. Nina hakika waandishi wakubwa wote wanafanya hivyo, ila hawasemi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata njia. Ya kisayansi!

Digna, dada mkubwa wa Careen, ni katibu muhtasi katika ofisi ya mradi wa mpunga. Mle ndani kuna kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna mchezo wa mbio za magari, aliuacha mtaalamu mmoja aliyerudi kwao. Nimekwenda saa ya chakula, bosi akiwa semina Morogoro. Nikamsalimu shemeji. Akasema bado hajawa shemeji yangu, nisitangulize mambo.

Nikamweleza mpango. Tunaziendesha mbio za Jumamosi ndani ya kompyuta, leo. Yatakayotokea, naandika. Digna akasema huo ni mchezo wa watoto. Nikamwambia Ulaya hata marubani wanafundishwa kwa kompyuta, na ndege haziangushwi kila siku. Akakosa jibu. Au alikuwa anatafuna.

Mimi nikawa Masalu, yule dereva wa Shinyanga anayetajwa sana redioni. Digna akawa Yoramu wa Morogoro. Gari langu likaingia baharini. Tukaanza tena. Likaingia baharini. Digna akauliza kwa nini Masalu anapenda kuoga. Mara ya tatu nilikwenda vizuri sana, kumbe nilikuwa nimegeuka, narudi nilikotoka. Digna alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili una kiazi. Alipokaribia kumaliza, umeme ukakatika.

Matokeo yako wazi. Yoramu mshindi. Masalu ana matatizo ya usukani.

Jumatano, 10 Septemba

Sayansi peke yake haitoshi, lazima na adui ashughulikiwe. Evod ana pikipiki, anaweza kuyafuata magari, akaona jambo, akaliongezea kwenye simu. Lazima siku hiyo awe mbali na barabara.

Nimemkuta gengeni kwa Kandida, anakunywa chai. Nikamvuta kando na kumnong'oneza kwamba mimi na yeye ni wanataaluma, hatufai kufichana. Njia imebadilishwa. Barabara kuu inachongwa kwa greda, kwa hiyo magari yatakata kona pale njia panda, yapite Katindiuka, ndipo yaingie uwanjani. Nikamwomba asimwambie mtu. Evod akanishika mkono kwa mikono miwili. Akaninunulia maandazi.

Maandazi nimeyala. Siyo kosa la maandazi.

Jioni nikamhadithia Digna, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu hii ya Katindiuka ni ndefu, na ina kona nyingi. Ndipo akanikumbusha nani ni mwenyekiti wa kitongoji huko Katindiuka.

Baba yake. Mzee Wiliam.

Loo.

Alhamisi, 11 Septemba

Evod kamwambia mtu. Kamwambia mzee Wiliam, tena kwa heshima zote, kama mwalimu anavyomwarifu mwenyekiti. Mzee kapiga mbiu. Leo watu wa Katindiuka wameacha mashamba, wanafukia mashimo barabarani. Akina mama wanafagia. Wamefagia barabara ya vumbi! Vijana wamepewa kazi ya kusimama njia panda na ngoma na majani ya migomba ili madereva wasipotee. Na mzee katoa mbuzi wake mwenyewe, yule mweupe mwenye ndevu. Kasema haiwezekani wageni wapite kwake na njaa.

Nimepita kwa baiskeli kuangalia. Mzee akanisimamisha. Alikuwa amevua shati, anabeba kifusi, mzee wa umri ule. Akaniambia tangu azaliwe hakuna kitu kilichowahi kupita Katindiuka ambacho watu wa mjini wangekitamani. Akaniomba Jumamosi niwe karibu yake, niandike vizuri majina ya wazee wake. Akanitajia yote. Nikaitikia kwa kichwa kila jina.

Nilitaka kumwambia ukweli. Haki ya Mungu nilitaka, mdomo ulishafunguka. Nikapiga chafya tu. Nikasema moyoni nitamwambia kesho.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikumwambia. Nilikuwa na kazi.

Ripoti imekamilika. Nimefanya marekebisho machache ili kompyuta ifanane na Kilombero. Bahari nimeifanya mto. Theluji nimeiandika vumbi jeupe. Maghorofa nimeyapeleka Kiberege, maana mhariri hajafika Kiberege. Yoramu kashinda. Masalu kaangukia mtoni mara mbili, kaokolewa na wavuvi, kaendelea. Kwenye kompyuta magari yalizunguka mara nane, na mara nane nimeziacha, kwa sababu takwimu hazichezewi. Digna kasema kutoka Kidatu mpaka hapa mara nane, watafika Krismasi. Nimemwambia asiingilie taaluma za watu.

Nimeambatanisha picha yangu ya pasipoti, kwa ajili ya kitambulisho. Nimevaa tai ya katekista.

Jioni Careen kaja mashineni na kikapu, kajifanya kafuata chenga za mchele. Kasema baba amefurahi kuliko alivyofurahi siku ya kipaimara chake yeye Careen. Kaniomba kesho niende kwao mapema. Nikamwambia kesho kazi itanibana. Akauliza kazi gani, wakati kazi yenyewe itakuwa inapita mbele ya nyumba yao. Nikampimia chenga nyingi mno.

Jumamosi, 13 Septemba, alfajiri

Stendi, giza bado. Nimempa Tadei, kondakta wa basi la Dar, bahasha yangu. Nikageuka, nani huyo? Evod, na bahasha yake! Tukatazamana. Nikasema namtumia shangazi yangu Ubungo mchele. Naye akasema anamtumia mjomba wake mchele. Tadei akazipima zile bahasha mkononi, akasema mchele wa mwaka huu mwepesi sana.

Kumbe naye kaiandika kabla! Mwalimu wa watoto! Taifa linakwenda wapi?

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Mguu unauma. Uso umeungua jua.

Ripoti ilishaondoka, lakini mwandishi lazima aonekane na madereva. Nimesimama barabara kuu, mbele kabisa ya njia panda ya Katindiuka, tangu saa tatu. Mkononi kitambaa cha meza cha mama mwenye nyumba, chenye miraba myeusi na myeupe, ndicho wanachopungia mshindi. Hapakuwa na mtu mwingine. Barabara kimya kama Ijumaa Kuu. Likapita lori la miwa. Wakapita wauza mkaa. Kisha nikasikia muungurumo na kuona vumbi, nikaruka katikati ya barabara na kupunga kwa nguvu zote. Ilikuwa pikapu ya masista wa misheni. Sista akafunga breki, akauliza kuna ajali? Nikasema hapana, hongereni. Akanipa rozari, akasema ataniombea.

Saa tano na kitu nikasikia injini. Nyingi! Kubwa! Lakini sauti ilikuwa inakwenda pembeni. Kisha ngoma. Kisha vigelegele. Vumbi likapanda juu upande wa Katindiuka.

Nikajiambia ni harusi.

Haikuwa harusi. Dereva wa mbio ugenini hufuata watu. Masalu, aliyekuwa anaongoza, kafika njia panda, kaona upande mmoja ngoma, majani ya migomba na umati, upande wa pili barabara tupu. Kakata kona ya Katindiuka. Wenzake wote kumi na mmoja wakamfuata mkia. Mbele wakamkuta mzee Wiliam kasimama katikati ya njia kwa suti yake ya kipaimara cha Digna, mkono juu. Wakasimama. Mzee akawaambia hapa hapiti mgeni bila kunawa mikono.

Wakala! Mbio nzima zilisimama, watu wakala mbuzi! Masalu alimpa mzee shikamoo na helmeti mkononi. Yoramu aliomba mchuzi mara mbili. Kisha wakapangwa mstari, mzee akapunga kanga ya mkewe, wakaondoka upya, wakaingia uwanja wa mpira kwa mlango wa nyuma. Masalu akawa wa kwanza. Waamuzi walibishana kidogo, wakaamua kwamba kwa kuwa wote walipotea njia moja, hakuna aliyeonewa.

Haya yote nimesimuliwa na Digna. Mimi nilikuwa barabara kuu na rozari.

Jumapili, 14 Septemba

Misa ya kwanza, ili nisionekane. Wote walikuwa misa ya kwanza.

Nje ya kanisa Evod akapanda kwenye ngazi na kusema mbele ya wazee wote kwamba Katindiuka isingepata heshima ile kama si mwanataaluma mwenzake Valentino, aliyemdokezea njia mapema. Watu wakanipigia makofi. Mimi! Nikainama kidogo.

Mzee Wiliam hakupiga makofi. Akanisogelea na kuniuliza, taratibu, kumbe mimi nilijua tangu Jumatano kwamba magari yatapita kwake? Sasa ilikuwaje nisije?

Hapo ndipo nilipoona mtego. Nikisema nilijua, nimemdharau yeye na mbuzi wake. Nikisema sikujua, mimi ni mwongo, na nilimbebesha kifusi bure. Nikasema nilikuwa na mafua. Mzee akatazama uso wangu ulivyobabuka kwa jua. Akavaa kofia yake, akaenda zake. Careen akamfuata bila kugeuka. Nilijisikia vibaya sana. Hata sasa najisikia vibaya.

Limebaki gazeti. Likitoka na jina langu, yote yatasahaulika.

Jumanne, 16 Septemba

Gazeti la jana limefika na basi la jioni. Tadei alikuwa anacheka tangu mlangoni.

Ukurasa wa Usukani: "Katindiuka Yang'ara Mbio za Kidatu–Ifakara." Na Mwalimu Evod, Mwakilishi Wetu, Kilombero. Nimesoma nimesimama. Kaandika kabla, na kila neno ni kweli! Magari yalipita Katindiuka. Kweli, maana mimi ndiye niliyemdanganya. Yalipokelewa na mwenyekiti mzee Wiliam, na wananchi walijitokeza kwa wingi. Kweli, maana alijua wamejiandaa. Wazee wote kawataja kwa majina, mmoja mmoja. Na mshindi? Hapo ndipo utaujua ujanja wa mwalimu. Kaandika: "Ushindi ulikwenda kwa dereva aliyewatangulia wenzake, na wenzake kadhalika walimfuata." Mhariri kaweka na sifa chini, eti lugha makini.

Uongo wangu ndiyo ripoti pekee ya kweli katika gazeti zima, na jina ni la Evod.

Yangu nimeitafuta ukurasa hadi ukurasa. Nimeikuta. Yote, hawakukata hata neno. Iko ukurasa wa mwisho, Vichekesho. Maghorofa ya Kiberege, wavuvi, mara nane. Juu yake picha yangu na tai ya katekista.

Jumatano, 17 Septemba

Mashineni leo hakuna kazi iliyofanyika. Wateja wanauliza kama mpunga wao ukobolewe mara nane. Fundi wa mashine kanibandika ukutani. Mhariri kapiga simu posta, kasema wasomaji wamefurahi sana, na kitambulisho kakituma kwa Evod. Nikamuuliza kama kuna kitambulisho cha vichekesho. Akafikiri natania, akacheka, akakata.

Yosefina, mama yangu mdogo, kaja kuniletea kuku kwa pongezi. Yeye hajui kusoma, kaona picha tu. Nimempokea. Tumekula.

Alhamisi, 18 Septemba

Careen kaja! Mashineni, mchana kweupe, bila kikapu.

Kasema Digna kamweleza yeye kila kitu, kompyuta, maandazi ya Evod na yote. Nikataka kujitetea, akanyoosha kidole, nikanyamaza. Kasema baba yake habari ya kitambulisho ameshaisahau. Jumamosi ile, kabla magari hayajafika, alitenga sahani ya maini akaifunika kwa kawa. Kila aliyeinyemelea alimfukuza. Alisema hiyo ni ya Valentino, atakuja na kazi nyingi, lazima ale kwanza. Jua lilipozama ndipo akampa Evod.

Machozi yalinitoka, nikasingizia pumba.

Careen akasema nisilie, bado kuna nafasi. Baba amesomewa ile ya Vichekesho na kacheka mpaka kashika mbavu, hasa Masalu kuokolewa na wavuvi. Jumapili baada ya misa niende nyumbani kwao, mikono mitupu, bila karatasi, nikae chini, nimwambie ukweli kwa mdomo wangu. Habari ya Katindiuka, yote. Atakasirika, kisha atatulia, na barua ya uchumba huenda akaipokea. Akanishika mkono, hapo hapo, mbele ya fundi wa mashine. Akanifanya niahidi kwamba safari hii nitakwenda, nione kitakachotokea, basi. Nikaahidi kwa moyo wangu wote. Sijawahi kuahidi kitu namna ile.

Jumapili nakwenda. Hilo halina mjadala.

Ila gazeti linachapwa Jumapili, na basi linaondoka Jumamosi alfajiri. Kwa hiyo habari ya uchumba nimekwisha iandika leo jioni. Mzee Wiliam alinipokea mlangoni kwa bashasha, akakiri kwamba makosa yalikuwa ya pande zote mbili. Nilijieleza kwa ufasaha. Mzee alilia kidogo. Careen alivaa gauni la bluu. Masalu na Yoramu walihudhuria. Maini nilipewa mimi.

Bahasha nimeshamkabidhi Tadei. Picha nimeweka ileile.